Fundi Presha Ananunua Redio

Mara ya kwanza Fundi Presha kuingia dukani kwangu, hakunisalimia mimi. Alipita rafu moja baada ya nyingine akigonga kila kitu kwa kucha na kutega sikio. Aligonga betri, akagonga jeki, akagonga hata kaunta niliyoegemea. Nikamwacha. Anayegonga ana hela. Anayetazama tu anasubiri mvua ipite.

Nauza vifaa vya magari vilivyotumika, na kwenye rafu ya nyuma nauza redio za upepo, zile za kuongea gari kwa gari au gari kwa nyumba. Nilianza na meza moja ya spana kando ya barabara, na tangu siku hizo sijamdanganya mteja. Namwambia ule ukweli unaouza, mwingine auulize mwenyewe.

"Bosi," alisema alipofika rafu ya nyuma, "hizi zinasukuma au zinavuta?"

"Zinaongea."

"Najua zinaongea. Zinasukuma kwa nguvu gani?"

Nikamwambia ile ndogo ni wati hamsini na ile kubwa ni wati mia. Akachomoa bisibisi mfukoni, akaweka ncha yake juu ya ile kubwa na mpini sikioni, akafumba macho. Alisikiliza kama daktari aliyelipwa vizuri.

"Haina mtetemo," akasema.

"Haina umeme," nikasema. "Imezimwa."

"Ah." Akarudisha bisibisi mfukoni bila aibu yoyote. "Basi iwashe."

Alikuwa fundi wa pampu za visima. Alianza kazi akiwa kijana wa kuteremshwa kisimani kwa kamba kuokoa ndoo zilizodondoka, na aliyemteremsha alikuwa mjomba wake, mtu aliyependa kusimulia hadithi kwa mikono yote miwili. Huko chini ndiko alikojifunza kusikiliza kila kitu. Akapanda kutoka ndoo hadi pampu za mkono, kutoka pampu za mkono hadi za umeme, na njiani akakusanya jina. Kwa Fundi Presha kila jambo duniani ni suala la presha. Mwanafunzi akifeli, presha ndogo. Ndoa ikivunjika, kuna mahali palikuwa panavuja na watu wakapaka rangi juu.

Alikuwa na gari la zamani la kupanda milima, lenye mabomba juu ya paa na harufu ya grisi hadi kwenye redio ya muziki. Kwa gari hilo alihudumia visima vya ng'ambo ya safu ya milima, ambako simu huwa ni saa ya mfukoni tu. Safari ya mwisho shafti ilikatika katikati ya mto mkavu. Yeye hakuona tatizo. Alikuwa na mkate, alikuwa na maji, alikuwa na kivuli cha gari, akakaa huko hadi lori la mchanga lilipopita.

Tatizo lilionekana huku. Mkewe, Mama Pazia, anayeshona mapazia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, alikuwa ameshauliza polisi, ameshauliza hospitali, na ameshaingia mochwari akafunuliwa shuka za watu wasiomhusu. Mume aliporudi amejaa vumbi na ana hadithi nzuri ya kusimulia, aliisikiliza hadithi yote hadi mwisho, akacheka palipochekesha, halafu akachukua funguo za gari.

"Gari lisilo na sauti halitoki getini kwangu," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Ndiyo sababu Fundi Presha alikuwa akigonga mali yangu. Kiangazi kilikuwa kinakaribia, na kamati za visima vya ng'ambo zilitaka pampu zikaguliwe kabla foleni za ndoo hazijaanza. Fundi mwingine, kijana mwenye pikipiki, alikuwa ameanza kupita huko akijitambulisha. Fundi Presha asipovuka milima kabla ya kiangazi, visima vyote vingekuwa vya yule wa pikipiki, na yeye angebaki mjini akizibua masinki ya watu wanaotupa mafuta ya kukaangia.

"Sasa nataka redio ambayo mke wangu ataridhika nayo," akaniambia.

"Na wewe?"

"Mimi naridhika na chochote chenye nguvu."

Hapo nikamsogezea ile kubwa. Niliinunua kutoka kampuni ya watalii iliyofunga, na ilikuwa imekaa kwenye rafu muda mrefu hadi nilikuwa naifuta vumbi kama ndugu. Pale dukani tuliiita Dubwana. Ile ndogo, nikamweleza, husema kwa mstari ulionyooka: panapoishia macho ya antena ndipo inapoishia sauti. Dubwana hurusha sauti juu mbinguni, ikagonga huko, ikarudi chini mbali.

"Sawa. Nifungie."

"Una leseni?"

"Ya kuendesha?"

Nikamweleza. Hizi ni redio za ridhaa, za watu wanaoongea hewani kwa kupenda tu, kama timu ya mpira ya mtaani. Huwezi kuibonyeza bila kufanya mtihani ofisi ya mawasiliano. Na aliye na leseni ndiye anayetakiwa kukaa na redio. Huwezi kutembea na leseni ya mkeo mfukoni wakati yeye yuko nyumbani. Na hewani hakuna biashara. Unaweza kusema umefika salama. Huwezi kusema leta washa za pampu na mafuta ya gia. Mimi leseni ninayo, imening'inia juu ya kaunta, na siuzi kwa asiye nayo, kwa sababu wale wa ofisi wanajua njia ya kuja hapa.

Wakaenda kufanya mtihani wote wawili, maana maongezi yanahitaji midomo miwili. Mama Pazia alisoma kitabu huku anashona. Fundi Presha hakusoma. Alisema umeme anaufahamu kwa mkono.

Majibu yalipotoka, Mama Pazia alifaulu. Fundi Presha alifeli, na si kwenye umeme. Alifeli kwenye kanuni. Palipoulizwa kama inaruhusiwa kutafuta wateja kwa redio hii, kukiwa na majibu manne ya kuchagua, yeye aliongeza la tano kwa kalamu na kulieleza kwa kirefu hadi nyuma ya karatasi.

"Uliandika nini?" nikamuuliza.

"Kwamba inategemea mteja."

Mtihani mwingine ulikuwa baada ya kiangazi. Jambo hilo hakuna aliyelitaja siku ile. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake ya kutolitaja. Yangu ilikuwa Dubwana.

Wakaja kuchagua. Ndipo nilipojifunza kwamba mtu wa pampu hanunui kitu hadi aone kinatoa maji. Kwenye kazi yao pampu inafungwa, inawashwa, wanakijiji wanasimama na ndoo, maji yanatoka, ndipo mkono unaingia mfukoni. Fundi Presha alitaka hivyo hivyo. Mama Pazia akae dukani na mtambo wangu, sisi tuende na gari hadi machimbo ya kokoto nyuma ya milima, tukijaribu redio zote mbili. Nikakubali. Mteja akishapanda garini na mali yako, moyo wake umeshalipa, mkono ndio unaochelewa.

Antena ya ile ndogo alikuwa ameshaifunga mwenyewe asubuhi, kwa bolti nne, nyuma ya bampa la mbele, chini kabisa, karibu na lami.

"Nani amekwambia uweke huku?"

"Pampu inakaa chini, bosi. Maji yanapanda. Ukiweka pampu juu inavuta hewa."

"Sauti si maji."

"Umeipima?"

Mama Pazia, ambaye tayari alikuwa amekaa kwenye kiti changu, akasema, "Mwache aende nayo hivyo. Akisikia kimya ataelewa. Mimi nikisema haelewi."

Tukaenda nayo hivyo. Tulimsikia hadi kwenye kona ya kiwanda cha matofali, halafu tukasikia mluzi wa oltaneta yetu wenyewe. Fundi Presha akasimamisha gari.

"Presha imeisha," akasema.

"Ipandishe juu ya paa."

Akafungua bolti nne. Antena ikiwa juu ya paa, Mama Pazia alirudi safi kabisa, akitaja namba yake ya leseni taratibu kama anayesoma risiti, na kumalizia kila kitu kwa "mwisho," kama kitabu kilivyosema. Tulikwenda naye hadi mgongoni mwa mlima. Tulipoteremka upande wa pili akakatika kama uzi.

"Umeona," nikasema, "ile ndogo haivuki."

Nilisema kwa huzuni. Ile ndogo ningeiuza kwa mtu yeyote. Dubwana lilihitaji mtu wa aina fulani.

Tukafika machimbo. Mlinzi akainua boriti ya geti, sisi tukaingia tukaegesha kati ya marundo ya kokoto. Dubwana tulikuwa tumeliunga moja kwa moja kwenye betri, fyuzi kwenye nyaya zote mbili, maana lingenyonya kile kitundu cha kuwashia sigara hadi kiyeyuke. Antena yake ilikuwa fimbo ndefu kuliko gari lenyewe, imesimama nyuma kama mtu anayenyoosha mkono darasani. Nikaita. Hewa ikaunguruma. Nikaita tena. Fundi Presha akaweka bisibisi kwenye boksi, sikio kwenye mpini.

"Inahema," akasema. "Lakini haisemi."

Nikabadilisha hiki na kile. Nikaita kwa sauti ya kupendeza, nikaita kwa sauti ya kuamrisha. Kwa mbali niliwahi kusikia kitu kama Mama Pazia akiwa ndani ya mtungi, basi. Nikaanza kuandaa maneno ya kumweleza kwamba hali ya hewa ya siku hiyo si nzuri, jambo ambalo lingeweza kuwa kweli.

"Turudi," akasema. Akarudisha bisibisi mfukoni, akawasha gari.

Wakati wa kutoka, mlinzi hakutaka kujisumbua mara ya pili, akainua boriti nusu. Gari likapita, fimbo ikanasa chini ya ile mbao, ikapinda kuelekea nyuma kama upinde. Fundi Presha akakanyaga breki, akateremka kumwambia mlinzi anavyomfikiria.

"Boriti inainuliwa yote, au unaikodisha nusu nusu?"

"Mzee, gari lako limepita. Kilichobaki ni mkia."

"Mkia ni wa nani?"

Ndani ya gari, Mama Pazia akasema redioni, "Nawaita tena, nawaita tena. Mnanipata? Mwisho." Alisikika kana kwamba amekaa kiti cha nyuma.

Nikanyakua maiki. "Tunakupata. Sisi je?"

"Vizuri sana, kama mko chumba cha pili. Nawaita tangu mwanzo, mlikuwa wapi? Hapa dukani salama. Nimeuza jeki. Mwisho."

Nikasahau milima. "Jeki ipi?"

"Siwezi kuzungumza biashara hewani, shemeji. Nimeweka sahihi. Mwisho."

"Shemeji, sema tu, kubwa au ndogo?"

"Swali hilo limo kwenye kitabu, ukurasa wa kanuni. Mwisho."

"Umeuza kwa bei gani?"

Kimya. Haikuwa hewa. Ilikuwa yeye.

Nje, Fundi Presha alikuwa ameacha kugombana na mlinzi na ameisogelea ile fimbo iliyopinda. Nikamweleza kinachotokea, kadiri nilivyojua: ikisimama wima, sauti inakwenda pembeni, inagonga mlima; ikilala hivi, inapiga juu wima, inarudi chini na kuangukia pande zote za mlima. Nilikuwa nimewahi kuambiwa na mwalimu wa klabu yetu ya redio, na nilikuwa nimesahau kwa sababu sikuwa nimewahi kuuza kwa mtu wa nyuma ya mlima.

"Bomba limepasuka chini ya barabara," akasema Fundi Presha. "Maji yanaruka juu, yanalowesha mtaa mzima."

"Hasa."

"Ungesema hivyo tangu dukani." Akaifunga fimbo kwa kamba, kutoka bampa la nyuma hadi kwenye mabomba ya paa, akaipima kwa kidole, akaikaza kidogo. Alirudi nyuma ya usukani akiwa mtu mwingine, na akaendesha pole pole ili asiisumbue antena, njia nzima, wakati mimi nina jeki moja kichwani isiyojulikana ni ipi.

Ilikuwa ile kubwa. Ile ya haidroliki, niliyokuwa nimeshaitundika mlangoni kama pambo. Aliyeinunua alikuja kutafuta waipa. Mama Pazia alikuwa amempatia jeki, kwa bei ya juu ambayo mimi ningeona haya kuitaja, na waipa akamwambia arudi kesho. Pesa alikuwa ameziweka chini ya kiganja chake juu ya kaunta yangu, na kiganja hakikuondoka.

"Tuongee Dubwana," akasema.

Tuliongea. Nimeuza vitu kwa madereva wa malori, kwa wanasheria, kwa mkwe wangu. Sijawahi kuongea na mtu anayefanya biashara huku ameshikilia hela yangu. Kila nilipotaja bei, alitaja jeki. Nilipomwambia kamba ya antena ni ya ziada, alisema kamba ni ya mume wake. Nilipomwambia hakuna Dubwana jingine mji mzima, alisema hata mnunuzi mwingine hakuna. Tukafika mahali ambapo wote tulikuwa tumenuna vya kutosha, na hapo huwa ndipo bei ilipo.

Ndipo akauliza lile ambalo hakuna aliyelitaja.

"Na ndani ya gari ataongea nani?"

"Mimi," akasema Fundi Presha.

"Kwa leseni ipi, baba watoto?"

"Nitabonyeza kidogo tu."

"Ukikamatwa wanachukua redio. Na mimi nimeshaweka sahihi."

Fundi Presha akakaa juu ya tairi. Kutoka pale mlangoni milima inaonekana, na yeye akaiangalia kama mtu anayeangalia basi likiondoka. Mtihani ulikuwa baada ya kiangazi. Visima vilikuwa kabla ya kiangazi. Mimi nilikuwa naangalia Dubwana likirudi kwenye rafu yake.

"Mwenye leseni ndiye anayekaa na redio," akasema Mama Pazia, polepole.

"Ndiyo sheria, shemeji."

"Basi nitakaa nayo."

"Nyumbani?" akauliza mumewe.

"Garini. Nyumbani nimekaa sana, nimeijua."

"Mama, kule hakuna kitanda."

"Wewe hulala juu ya nini?"

"Juu ya kiti."

"Viti viko viwili."

Nadhani Fundi Presha aliwaza hoja kadhaa na kila moja ikavuja.

"Lakini huku nani atatusikia?" akauliza.

Mama Pazia akanigeukia. "Shemeji, saa kumi na moja jioni wewe huwa wapi?"

"Hapa hapa," nikasema, kwa haraka ya mtu anayeona mauzo yakitoka mlangoni.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na Jumapili?"

Nilijua napaswa kusita. Nilipaswa kusema nitaangalia. Lakini sauti yangu sikuwahi kuipa bei. Nilidhani ni nyongeza tu, kama kitambaa cha kufutia kioo unachomtupia mteja ili aondoke anacheka. "Na Jumapili," nikasema. Akanyanyua kiganja.

Waliondoka wiki hiyo hiyo. Siku ya kwanza saa kumi na moja ilifika, nikaketi mbele ya mtambo, na hakuna aliyeita. Kwa kawaida saa hiyo nakuwa kibarazani kwa kinyozi nikicheza drafti. Nilikagua fyuzi. Zilikuwa nzima. Nikazikagua tena. Nikapanga boksi la plagi kwa ukubwa, kazi ambayo sijawahi kuifanya wala haina maana. Muuza magazeti alipita akaniuliza mbona nimesimama. Sikuwa nimejua nimesimama. Nikamwambia nanyoosha mgongo.

Kiza kilipoanza kuingia, namba ya leseni ikasomwa taratibu. Tairi lilikuwa limetoboka. Wako kisima cha kwanza, pampu inafanya kazi, mzee ameshiba na anawasalimu.

"Ulikuwa unatusubiri? Mwisho."

"Nilikuwa nafunga duka."

"Mbona duka linafungwa mapema hivyo? Mwisho."

Yule kijana wa pikipiki alifika kisima cha tatu akakuta pampu imefunguliwa juu ya turubai na Mama Pazia amekaa na kamati nzima. Wanasema alikunywa maji akageuza. Visima vyote vilibaki kwa Fundi Presha. Tena sasa vinamlipa sawasawa, kwa sababu zamani malipo alikuwa akiachia kamati zipange, na sasa kuna anayepanga naye. Alichopoteza ni ule ukimya wake. Zamani akivuka milima hakuna aliyejua yuko kisima kipi wala amekula nini; siku hizi kila jioni najua mimi, na yeyote anayesikiliza masafa hayo.

Mama Pazia amepoteza wateja wa katikati ya wiki, wale wanaotaka pazia la kesho. Amepata zahanati mbili na shule moja huko ng'ambo, madirisha matupu kuanzia mwanzo hadi mwisho wa jengo. Habari hizo alinisimulia dukani, ana kwa ana. Hewani hajawahi kusema hata neno pazia.

Mtihani ulipofika baada ya kiangazi, nilimkumbusha Fundi Presha. Akaniambia hawezi kwenda, gari liko gereji. Gari lilikuwa mbele ya duka langu, injini inaunguruma, na mkewe yuko kiti cha mbele anakunja turubai. Nikamtazama, naye akatazama rafu. Sikumbana. Nilimuuzia boksi la fyuzi kwa bei ya kawaida na wakaondoka.

Mimi niliondoa Dubwana rafuni, na mahali pake nimeshaweka redio nyingine, ambayo haijanunuliwa. Hesabu ya siku ile, ukiweka jeki na Dubwana pamoja, ilikuwa na faida, ingawa ndogo kuliko nilivyozoea. Kisichoingia kwenye hesabu ni jioni zangu. Kinyozi alinisubiri kwa muda, halafu akapata mtu mwingine wa kucheza naye drafti, mstaafu mmoja, na anasema ni mchezaji mzuri kuliko mimi. Jumapili wanangu huja kunichukua dukani, maana ndiko wanakojua nipo. Nilimwambia Mama Pazia kwamba tungepaswa kuyaangalia upya yale makubaliano, angalau nilipwe kwa kukaa. Akaniambia redio hii ni ya ridhaa, anayelipwa ananyang'anywa leseni, na kwamba leseni yangu imening'inia juu ya kichwa changu, nigeuke niisome.